Mafuta Kwenye Rejeta

Miaka ile kahawa ilipopata bei, kila mtu wa Embu aliyekuwa na shamba la mteremko alinunua kitu. Wengine mabati, wengine redio, jirani yangu akanunua kiti cha kuzunguka akakiweka chini ya mgomba. Mimi na ndugu ya mke wangu tuliungana tukanunua lori la dizeli, lori kuukuu lakini lenye nguvu. Yeye alikaa Ruiri, upande wa Meru, akitafuta mizigo ya viazi. Mimi nilikaa kwa usukani.

Kabla sijasema lori liliharibika vipi, lazima nieleze uthoni, kwa sababu bila uthoni lori lisingefika pale lilipofika. Kwetu ndugu wa mke ni muthoni, na muthoni habishiwi. Hukai mkao wa ovyo mbele yake, wala hutafuni kwa sauti. Akisema mawingu haya hayana mvua, unaanika mahindi hata kama tone limekuangukia puani. Baba yangu alikula chakula cha chumvi nyingi kwa wakwe zake maisha yake yote, na hakuna aliyejua haipendi mpaka siku alipougua.

Sasa, asubuhi moja nikafungua rejeta kuongeza maji kwa mtungi wa mke wangu, nikaona macho ya mafuta yanaelea juu. Muthoni wangu alikuwa amelala kwangu siku hiyo. Akachungulia, akacheka.

"Huo ni mtungi," akasema. "Si mke wako aliuwekea mafuta ya kupikia?"

Nikayanusa. Hayakuwa mafuta ya kupikia, ilikuwa oili ya injini, ile ile nyeusi. Tena nilikuwa nimeshangaa siku nyingi kwa nini oili inapungua na chini ya lori hakuna tone. Lakini ni muthoni amesema. Nikajibu, "Ndiyo, muthoni, ni mtungi." Mke wangu akaniangalia kama mtu aliyemtukania mama yake, kwa sababu mtungi wake ulikuwa safi kabisa.

Basi nikashuka nalo Gachoka kubeba pojo. Joto la Mbeere mnalijua. Kabla sijafika sokoni sindano ya joto ikapanda mpaka mwisho, mvuke ukatoka kwa boneti, nikasimama. Lilipopoa nikafungua. Ndani hakukuwa na maji tena. Kulikuwa na kitu kizito cha rangi ya uji wa wimbi uliotiwa maziwa. Nilitumbukiza kijiti kikasimama chenyewe.

Likavutwa mpaka Embu mjini. Muthoni akaja na mfanyabiashara mmoja mnene, mnunuzi wa malori yaliyokufa. Yule mnunuzi akatia kidole kwenye ule uji, akatikisa kichwa kama daktari.

"Bloku imepasuka," akasema. "Injini ni ya kutupa. Mimi nitachukua gia boksi, difu na springi. Bodi mwekee kuku."

Muthoni akaniangalia. "Unasemaje?"

Ningesema nini? Lori likikatwa vipande, mimi narudi kwa jembe, kwenye shamba ambalo mbuzi akiteleza juu anapatikana kwa jirani. Lakini hapana haisemwi. Kuna njia moja tu: ombi. Mtu wa uthoni akiomba jambo dogo kwa heshima, kumnyima ni aibu. Nikavua kofia.

"Muthoni, wewe umesema. Naomba moja tu. Msilikatie hapa kwa gereji ya watu. Nipe mpaka soko lijalo la Runyenjes, nitawaletea mwenyewe."

"Utalileta na nini?" mnunuzi akauliza. "Na punda?"

"Hata na punda," nikamjibu. Muthoni akakohoa, akakubali.

Fundi niliyemwendea alikuwa mzee wa Majengo, Mwislamu, mtu wa maneno machache na kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuona ina doa, na sijui aliwezaje. Hakuguswa na habari ya bloku.

"Usinieleze ugonjwa," akasema. "Nieleze dalili. Moshi wake mweupe?"

"Hapana, mzee. Ni wa kawaida."

Akavuta kijiti cha kupimia oili, akakitazama juani. Oili nyeusi, haina maji hata kidogo. Tukatoa ule uji, tukajaza maji safi, akaniambia niwashe injini ikiwa baridi na mfuniko wa rejeta wazi. Tukainama wote wawili, vichwa vinagusana.

"Unaona mapovu?"

"Sioni."

"Gasketi ya hedi ingekufa, moto wa silinda ungetoa mapovu hapa kama chungu cha maharagwe. Na bloku ikipasuka, mara nyingi maji nayo yangeingia kwa oili. Hapa oili inakwenda kwa maji, maji hayaji kwa oili. Kwa nini?"

Nikafikiri. Mimi shule niliiacha mapema, mwalimu na mimi tulichokana, lakini pampu ya oili naijua. "Kwa sababu injini ikitembea, oili ina msukumo mkubwa kuliko maji."

"Haya. Na wapi wanakaribiana, oili na maji, ukuta mwembamba katikati?"

Nikapeleka mkono ubavuni mwa injini, penye kile kifaa cha kupoza oili. Maji yanapita nje ya vijipaipu, oili inapita ndani. Mzee hakunisifu. Alinipa spana.

Tukakitoa. Tukaziba tundu moja kwa mpira wa tairi, tundu la pili tukalifunga kwa hosi ya mtu wa pancha, tukakizamisha kwenye karai la maji. Mtu wa pancha akafungulia hewa. Mwanzo kimya. Halafu, katikati, kamba ya mapovu madogo ikapanda, laini kama uzi wa buibui. Sijawahi kufurahia kuona kitu kimetoboka namna ile. Mtu wa pancha akauliza kama nimerogwa, maana nilikuwa nacheka peke yangu.

Mzee akakisafisha, akakichomelea kwa shaba, tukakizamisha tena. Hakuna hata povu moja.

Lakini kuziba ni nusu ya kazi. Ule uji ulikuwa umeganda kila mahali, kwa rejeta, kwa bloku, na hosi za mpira zilikuwa zimelowa mafuta zikavimba, ukizibonyeza ni kama matumbo ya ng'ombe. Hosi tukabadilisha. Uji ukatushinda. Maji matupu yaliteleza juu yake tu.

Mke wangu alikuja kuniletea githeri, akatusimamia akitazama. Bado alikuwa na uchungu wa mtungi.

"Nyinyi wanaume," akasema, "sufuria ya mbuzi mnafikiri huwa inajiosha? Magadi na maji moto."

Mzee akakuna ndevu. "Injini hii ni chuma, rejeta ni shaba. Magadi hayataidhuru. Leta, mama."

Tukachemsha maji kwa debe, tukatia magadi, tukajaza, nikawasha mpaka ikapata moto, tukamwaga. Kikatoka kitu cha kutisha, povu la kahawia. Tukarudia, na kurudia, mpaka yakatoka maji ambayo ungeweza kunawa uso. Mwisho tukasuuza kwa maji matupu.

Siku ya soko niliondoka alfajiri, nikapitia Gachoka kwanza, nikapakia yale magunia ya pojo yaliyokuwa yananingoja, ndipo nikapanda Runyenjes. Mzigo mzima, mlima mzima, na ile sindano ilikaa katikati kama mtu amelala. Nilipiga honi kila kona. Hakukuwa na mtu wa kupigiwa, nilipiga tu.

Mnunuzi alikuwa amekaa sokoni na mafundi wake, spana zimetandazwa juu ya gunia. Nikaegesha mbele yao, nikaacha injini ingurume kidogo ndipo nikazima.

Lilipopoa mnunuzi akafungua rejeta mwenyewe. Akatia kidole, akasugua, akanusa, akasugua tena. Maji.

"Labda umejaza hapa chini sasa hivi," akasema.

"Funguo ni hii," nikamwambia. "Nenda nalo, ukirudi utafungua tena."

Hakuichukua. Muthoni wangu alilizunguka lori, akagonga tairi, akainama ubavuni akaona mahali pa shaba mpya panang'aa. Akapagusa kwa kidole. Aliporudi hakusema lolote juu ya bloku, wala mimi sikusema. Akamgeukia mnunuzi.

"Kusanya vitu vyako, rafiki. Hakuna lori la kukata hapa."

Halafu akapanda kwa ngazi ya mlango, akakaa kiti cha abiria, akajikunja vizuri nafasi ibaki kati yetu, kama inavyotakiwa.

"Shusha hizo pojo upesi," akaniambia. "Ruiri kuna viazi vinaoza."