Picha Iliyonipeleka Rumonge

Niliondoka Kigoma nikiwa na hasira, na ni vizuri msomaji alijue hilo mapema, asije akadhani nilikwenda Burundi kupunga upepo.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo pale Mwanga, mjini Kigoma. Napiga harusi, ubatizo, maulidi na picha za vitambulisho. Nikipata nafasi hufunga mlango nikaenda kupiga ninachokipenda mwenyewe: barabara, masoko, rangi za vitenge, watu kwenye shughuli zao na vivuli vyao vikiwafuata. Siku moja mteja aliniletea kalenda ya ukutani aliyopewa kwenye semina, akaniuliza kama naweza kumchapia yake kwa mtindo ule. Nikawa nafunua ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye mmojawapo nikamkuta Jenerosa.

Jenerosa nimekaa naye dawati moja. Baba yangu alikuwa mwalimu katika makazi ya wakimbizi wa Burundi, na wazazi wa Jenerosa walikuwa miongoni mwa wakimbizi hao. Alizaliwa Tanzania, akakulia Tanzania, akaolewa huku huku. Watu waliporejea kwao, naye akarejea na mumewe Salvatori, wakaanza upya Rumonge kwa kukamua mawese. Tunapigiana simu kila sikukuu. Sasa alikuwa mbele ya macho yangu, amekaa kwenye kizingiti cha mlango, nusu ya uso imemezwa na kivuli, mikono imelala mapajani. Picha ilikuwa nzuri, sikatai. Aliyeipiga anaujua mwanga. Chini yake palikuwa na maneno kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: "Mjane wa ufukwe wa Tanganyika. Hajui kama kesho atakula."

Mjane! Mwezi ule ule nilikuwa nimeongea na Salvatori, akinilalamikia goti lake.

Sikumwambia Jenerosa kwa simu. Kuna mambo ukimwambia mtu kwa simu ni kama kumtupia jiwe ukakimbia. Nilimwomba mteja wangu ile kalenda, nikabeba kamera na nguo chache, nikaondoka.

Mpakani Manyovu walinigongea muhuri bila maneno mengi. Ukivuka upande wa Mugina saa inarudi nyuma na magari yanahamia mkono wa kulia, lakini milima ni ile ile na migomba ni ile ile. Nilipanda gari hadi Mabanda, kisha barabara ikaanza kuteremka, na ziwa likajitokeza chini, pana na la buluu nzito, na nyuma yake milima ya Kongo. Mtu wa Kigoma nalijua ziwa hili tangu utotoni. Hata hivyo nilimwomba dereva asimame, nikapiga picha kadhaa, nikiwa bado nimefura moyoni.

Asubuhi ya pili nilikuwa Nyanza-Lac, ufukweni. Upande ule milima iko mashariki, kwa hiyo jua huchelewa kuufikia mji. Milima ya ng'ambo Kongo inawaka wakati huku bado ni kivuli. Kisha mwanga unashuka ghafla, na kila kitu kinapata kivuli chake kirefu. Wanawake walikuwa wakianika ndagala, ndio dagaa wetu, wamewatandaza kama fedha iliyomwagika. Mmoja aliyevaa kitenge cha manjano alikuwa ameinama na kivuli chake kimelala juu ya samaki. Nikainua kamera, nikapiga.

Akasimama wima. "Weye! Foto zetu munapelekaka wapi?"

"Kigoma, dada. Nyumbani."

"Na kule banasemaka nini juu yetu?"

Wenzake wakageuka. Akaendelea, sauti ikipanda: "Banakuyaka hapa na gari nzuri, banapiga, banaenda. Hakuna hata mumoja alisharudi kutuonesha."

Nilihisi kuonewa. Mimi niliyetoka kwangu kwa ajili ya kutetea watu kama yeye! Lakini hasira aliyokuwa nayo ilikuwa ile ile niliyokuwa nayo mimi, na yake ilikuwa ya zamani kuliko yangu. Nikamsogelea, nikamwonesha picha kwenye kamera. Aliitazama kwa makini.

"Futa. Nimekunja uso."

Nikafuta mbele yake. Akafuta magamba mikononi, akajifunga kitenge upya, akasimama. "Sasa piga. Miye naitwa Goreti. Uandike."

Nikaandika. Ile iliyofutwa ilikuwa bora kama picha, nami iliniuma kidogo, nisiseme uongo.

Mchana nilishika gari la Rumonge. Barabara inafuata ziwa, na michikichi imesimama pande zote mbili, vivuli vyake vimekatika-katika juu ya lami. Rumonge kwenyewe ni mji wa rangi. Mawese mekundu kwenye ndoo, madumu ya manjano yamefungwa juu ya baiskeli hadi mwendeshaji haonekani, milango ya maduka iliyopakwa kijani, kofia nyeupe za wazee wa Kiislamu wakitoka msikitini. Nilipita sokoni kamera ikiwa begani, nikiuliza kwanza kila nilipotaka kupiga. Wengine walikubali, wengine walikataa, na muuza nyanya mmoja alinikalisha hadi amalize kuzipanga.

Jenerosa aliponiona mlangoni kwake alipiga kelele majirani wakatoka. "Tatu! Ni wewe kweli? Mbona hukusema? Salvatori, njoo uone Tanzania imetutembelea!"

Nyumba ilikuwa ya matofali, na nyuma kulikuwa na mapipa ya kuchemshia ngazi, yaani matunda ya michikichi, na mashine ya kukamulia mawese. Tulikula ugali wa muhogo, ndagala na lengalenga, ndio mchicha wetu. Baada ya kunawa nikaona hakuna tena sababu ya kuchelewesha. Nikaitoa kalenda.

Jenerosa alijitazama kwa muda mrefu. Salvatori alivaa miwani, akasoma Kifaransa kwa sauti, akasoma tena kwa Kiswahili. "Mujane?" Akacheka. "Basi miye niko marehemu? Na nimetoka kula sasa hivi!"

Alicheka peke yake.

Binti yao Alina, mwalimu wa shule ya pale mjini, alikuwa ameingia na kusimama mlangoni na begi lake mkononi. "Mama," alisema, "miye nilishaiona."

Ndipo yakatoka. Alina alikuwa na mchumba, kijana wa Bujumbura. Shangazi wa kijana yule alikuwa ameitundika kalenda hiyo hiyo sebuleni kwake, na akaitambua sura, kwa sababu aliwahi kuoneshwa picha ya mama yake Alina. Tangu hapo siku ya mahari ikawa inasogezwa mbele, kila mara kwa udhuru mpya, mpaka kijana alipoona aibu akasema kweli.

"Wanasema nilidanganya kuwa baba iko," Alina alisema, machozi yakimtoka. "Wanasema, nani anajua kama baba watakayemusalimia ni wa kweli ama ni wa kukodi? Na kwamba sisi ni watu wa kulishwa. Sikutaka mujue. Nilifikiri itaisha."

Salvatori alivua miwani. Hakucheka tena.

Jenerosa alitusimulia ilivyokuwa. Alikuwa amechemsha ngazi tangu alfajiri, akaketi kizingitini kupumzika. Gari likasimama. Akashuka kijana mwenye kamera, pamoja na mtu wa mjini pale anayefanya kazi katika ofisi ya misaada. Wakaomba maji, akawapa. "Wakaniuliza, tunaweza kupiga souvenir, picha ya kumbukumbu tu? Nikasema pigeni. Nilikuwa nimechoka, Tatu. Kuchoka si njaa. Ningejua wananiua mume, ningewanyima hata maji."

Kesho yake asubuhi tulikwenda wote wanne ofisini kwa yule mtu wa misaada. Salvatori alivaa suti ya kanisani na kuchechemea kwa goti lake. Yule bwana alitupokea kwa adabu, akatupa viti. Alipoiona kalenda alitabasamu.

"Ah, hii foto imependwa sana, mama. Imesaidia watu wengi."

"Mtaje mmoja," alisema Jenerosa.

"Ni projet, mama, hatuwezi kutaja mtu mumoja mumoja."

"Lakini mimi mmeweza."

Akasogeza karatasi zake mezani. Alisema maneno ya chini ya picha hakuyaandika yeye, yaliandikwa na wakubwa. Alisema Jenerosa alikubali. Alisema kalenda zimeshasambaa hazirudishwi, ila ataomba picha iondolewe kwenye intaneti. Kila jibu lilikuwa limenyooshwa kama shati la pasi. Nilifungua mdomo nimweleze jinsi mpiga picha anavyopaswa kufanya, Jenerosa akanishika mkono ninyamaze. Lilikuwa shauri lake.

"Piga simu Bujumbura," alimwambia. "Kwa wakwe zangu. Waambie wewe mwenyewe kwamba mlidanganya."

"Mama, hiyo si kazi yangu."

"Na kumuua mume wangu ilikuwa kazi yako?"

Alina akasoma namba. Yule bwana akapiga, simu ikiwa wazi tusikie sote. Alijieleza kwa kuzunguka sana, "kosa dogo la maelezo", mpaka Jenerosa akapiga meza kwa kiganja. Hapo akasema wazi: huyu mama si mjane, mume wake yupo, ana kazi yake, na sisi tuliandika yasiyo kweli. Shangazi kule akauliza, kwa sauti ya mtu asiyeamini upesi, kama anaweza kuongea na huyo mume.

Salvatori akaichukua simu, akajinyoosha kama anapigwa picha. "Amahoro, mama. Ni miye marehemu."

Kicheko kikatoka kule Bujumbura, kirefu, cha aibu. Alina akafunika uso. Kabla hatujaagana siku ya mahari ilikuwa imepangwa.

Mchana ule nilimwambia Jenerosa wazo nililokuwa nimelibeba tangu Kigoma. Nitampiga picha mpya: sokoni, kitenge chake kizuri, mawese yanang'aa mbele yake, anacheka. Nitaitangaza kila mahali. Waone.

Alinitazama kwa upole. "Wao walinitaka nilie. Wewe unataka nicheke. Mimi si jibu la mtu, Tatu. Wameshanipiga vya kutosha."

Nilishikwa na hasira, safari hii kwake yeye. Nilizunguka sokoni mpaka jua likaanza kuelekea Kongo, nikipiga vivuli vya baiskeli ukutani, kwa kuwa baiskeli haikatai. Niliporudi hasira ilikuwa imepoa na nilikuwa nimemwelewa. Aliniomba nimpige Salvatori na Alina wakiwa pamoja, picha ya kupelekwa kwa wakwe. Nilifanya hivyo kwa uangalifu wote ninaoujua. Jenerosa alisimama nyuma yangu akiwarekebisha kola.

Kwa hiyo nilirudi na picha nyingi za Rumonge, na sina hata moja ya mtu niliyemfuata.

Mnaosoma haya nyumbani mtaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba kivuli hakina kosa. Kivuli kilichoangukia uso wa Jenerosa kilikuwa cha kweli, na uchovu wake ulikuwa wa kweli. Mwizi alikuwa kwenye maneno, na kwenye haraka ya mtu aliyeshuka garini, akanywa maji ya mwenye nyumba, akaondoka bila kumuuliza hata jina. Hasira yangu haijaisha. Kalenda zile bado zimetundikwa kwenye kuta ambazo hatutazifikia, na kwenye kuta hizo Salvatori ataendelea kuwa amekufa hadi mwaka uishe. Wanaoshika kamera kama mimi wanaambiwa wautafute mwanga kwanza. Mimi siwaambii hivyo tena wanaokuja studio kwangu kujifunza.

Njiani kurudi, gari letu lilipata pancha juu kidogo ya Mabanda. Chini ya mikaratusi kulikuwa na wanawake wamepumzika na mizigo ya ndizi, na vivuli vya miti vilikuwa vimewachora mistari toka kichwani hadi miguuni. Sijawahi kuona mwanga kama ule. Niliiacha kamera begani, nikaenda nikaketi. Tulisalimiana, tukaulizana habari, wakanipa ndizi, wakataka kujua nina watoto wangapi na kwa nini natembea peke yangu. Mazungumzo yakachukua muda wake. Wingu likaja likafunika jua.

"Sasa piga," mmoja alisema, "tumeshakujua."

Nikapiga. Picha imetoka bapa, ya kijivu, haina kivuli hata kimoja. Aliyesimama kushoto ni Domitila, alikuwa anarudi kwake. Wa katikati ni Beata, na aliyeshika ndizi ni mdogo wake, Konsolata. Hao wawili walikuwa wanakwenda sokoni, na wote watatu walikuwa wameshiba.