Fomu Ilisema Kichwa Tu

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, mzee mmoja amesimama mlangoni mwa chumba cha MRI, suruali ameishikilia kwa mikono miwili. Mkanda ameshavuliwa. Funguo ameshatoa. Sasa mama mfupi mwenye koti jeupe anamchungulia mdomoni.

"Baba, hayo meno ni ya kuzaliwa nayo au ya dukani?"

"Nimeyanunua mwenyewe, ni yangu."

"Basi yatoe nikutunzie. Humu ndani kuna sumaku, na hiyo haina heshima kwa mkubwa wala mdogo."

Mzee anacheka, pengo wazi, na kuyaweka meno kwenye kisahani.

Mama huyu ndiye mpiga picha wa kitengo. Wenzake wanamwita Mama Tulia, kwa sababu neno hilo hulisema kwenye kipaza sauti kutwa nzima. Mgonjwa akitikisika ndani ya mashine, picha huharibika. Kwa siku hupokea watu kumi na wawili, na kupata nafasi ni kungoja wiki sita.

Ana miaka hamsini na mmoja. Miaka kumi na mmoja ya mwanzo hapa hospitalini alikuwa akipiga deki korido hizihizi. Jioni akitoka kazini alikwenda darasani, akaanza kidato cha kwanza akiwa na miaka thelathini na mitatu.

"Binti yangu alikuwa kidato cha pili, amenitangulia," anasema. "Ananisahihishia hesabu huku anacheka mpaka machozi. 'Mama, hii hata mdogo wangu anaijua!' Namwambia, cheka, lakini nieleze tena."

Alipata stashahada yake ya upigaji picha akiwa na miaka arobaini na mitano. Tangu hapo, kabla ya kumwita mgonjwa wa kwanza, husimama kidogo peke yake na kuomba: Mungu, nionyeshe kilichopo, si ninachotaka kukiona.

Mwezi wa pili mwaka huu aliingia fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, akiwa na mama yake mzazi. Mwaka uliotangulia jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu kwa wiki tatu, likauma, kisha likapona lenyewe. Sasa zamu ilikuwa ya vidole: vilikuwa vimekufa ganzi.

"Nilijidunga sindano nisijue," anakumbuka fundi huyo, aliyekubali kusimulia bila kutajwa jina. "Nimekuja kuona damu kwenye kitambaa cha mteja. Nyumbani, mama mkwe akasema uvivu wangu sasa umeanza kutafuta daktari."

Kwenye fomu yake daktari wa neva alikuwa ameandika maneno mawili: picha, ubongo.

Mama Tulia alimlaza, akampiga picha za kichwa kama ilivyoandikwa. Alipomaliza, akamwinua shingo ili autoe mto. Kidevu kilipogusa kifua, fundi alipiga kelele.

"Umeme! Umenipita mgongoni mpaka miguuni!"

"Pole, mwanangu. Umeanza leo?"

"Una mwezi sasa. Hunipiga nikiinamia cherehani. Nilidhani ina shoti."

"Kwani cherehani yako ni ya umeme?"

"Hapana. Ya kukanyaga."

Walicheka wote wawili. Kisha Mama Tulia akaacha kucheka.

Alikuwa amefundishwa kwamba umeme wa namna hiyo, unaokuja mtu anapoinamisha kichwa, mara nyingi hutoka kwenye uti wa mgongo pale shingoni. Picha za kichwa zilikuwa na madoa mawili madogo meupe. Madoa mawili yanaweza kuwa mengi au yasiwe kitu. Daktari angeweza kusema, kwa haki kabisa, tungoje tuone.

Lakini mpiga picha hupiga kilichoandikwa. Kuongeza shingo na mgongo kunahitaji sahihi ya daktari, na huchukua karibu nusu saa. Nje walikuwa wamekaa watu tisa. Fundi akienda nyumbani, angerudi kwenye foleni ya wiki sita, kama angerudi.

Alimpigia daktari simu mara tatu. Haikupokelewa. Iliyolia ilikuwa ya mkuu wa kitengo: "Mbona mashine imesimama?"

"Inapumua, bosi," akajibu, akaweka simu chini. Akamwambia msaidizi wake, "Huyu asivae viatu, asiende popote," kisha akapanda ngazi ghorofa mbili, akagonga mlango wa kliniki ya neva.

"Dada, nina mgonjwa hapa," daktari akasema.

"Na mimi ninaye, daktari. Ni wa kwako."

Alimweleza palepale mlangoni, huku anahema. Daktari alimtazama, akauliza, "Fomu niliandika nini?"

"Kichwa tu."

Daktari alinyoosha mkono, akaichukua, akaongeza: shingo na mgongo wote, pamoja na dawa ya kung'arisha.

Dawa hiyo hudungwa kwenye mshipa, na hulifanya doa jipya ling'ae huku la zamani likibaki kimya. Shingoni mwa fundi kulikuwa na doa refu kama punje ya mchele, na liling'aa. Yale ya kichwani hayakung'aa. Ugonjwa ulikuwa umepiga zaidi ya mahali pamoja, na kwa nyakati tofauti. Pamoja na habari ya jicho na vipimo vingine, daktari alikuwa na la kusema.

Ni ugonjwa uitwao MS. Kinga ya mwili hugeuka na kula ganda linalofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Hauponi, lakini ukigunduliwa mapema kuna dawa za kupunguza mashambulizi. Fundi alianza dawa siku ya kumi na tisa tangu apigwe picha.

"Vidole havijarudi vyote," anasema. "Naanza kutoboa matundu ya vifungo asubuhi, mkono ukiwa bado una nguvu. Lakini mama mkwe aliiona picha. Akauliza, 'Hicho cheupe ndicho uvivu?' Nikamwambia ndicho. Siku hiyo alipika yeye."

Mama Tulia akisifiwa kwa siku ile, hutazama pembeni.

"Mnanisifu kwa ngazi mbili," anasema. "Hamjui nilizoshindwa kupanda."

Miaka minne iliyopita, akiwa bado mgeni kwenye kazi, alimpiga picha mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Naye alimwambia habari ya umeme, kila akiinama kusahihisha madaftari. Fomu ilisema kichwa. Akapiga kichwa, akamsindikiza mlangoni.

"Nilisikia, nikanyamaza. Niliogopa. Nilijiona bado nina fagio mkononi, nitamfundishaje daktari?"

Mwalimu aliambiwa angoje. Baada ya miezi kumi na minne alirudi kwenye kiti cha magurudumu, na picha ya shingo ikaonyesha makovu manne kwenye uti wa mgongo.

"Sisemi mimi ndiye niliyemwekea ugonjwa. Pengine ungemfikisha palepale. Nasema nilisikia. Kwa Mungu nimeomba msamaha mara nyingi. Kwa mwalimu mwenyewe, sijaomba hata mara moja."

Sasa mkuu wa kitengo amempa saa moja kila mwezi awafundishe wapiga picha wapya. Mama Tulia anataka wajifunze kumuuliza mgonjwa maswali kabla ya kuwasha mashine, na kubisha hodi kwa daktari bila kujidharau. Anataka wazione picha za watu wawili, ubavu kwa ubavu, bila majina. Fundi amekubali za kwake zitumike.

Za mwalimu zinahitaji ruhusa yake. Jumamosi hii Mama Tulia anakwenda nyumbani kwake kuiomba.

"Nitamwambia yote kwanza," anasema. "Ombi baadaye. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa na mtu anayeijua sababu."