Bakuli la Mzee wa Runingani

Kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla sijavua hata viatu, mama alikuwa akinikabidhi bakuli. Lilikuwa bakuli la bati lenye maua mekundu pembeni na mfuniko uliopinda kidogo, na ndani yake ndizi nyama za moto, zikinukia hadi nje. Nilivuka njia ya mchanga, nikapita mbele ya duka, nikabisha hodi kwenye chumba cha kona cha nyumba inayotazamana na yetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

Alilipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mchanga. Jioni alilirudisha mwenyewe, limeoshwa linang'aa, na ndani ameweka fungu la mchaichai lililofungwa kwa uzi mweupe.

Kwao mama ni Rungwe, na anasema huko bakuli la jirani unaliosha na kulirudisha, basi. Habari ya kutolirudisha tupu alifundishwa hapa Mbagala na mama wa dukani, ambaye ukoo wake ni wa Kiarabu na umeuza sukari na mafuta ya taa mtaani kwetu tangu sisi hatujahamia. Ukiletewa chakula, chombo unakirudisha na chochote ulicho nacho: ndimu, embe, chumvi, hata kiberiti. Mama aliupenda utaratibu huo kuliko wenyeji wenyewe. Yule mzee hakuwa na kingine zaidi ya mchaichai aliouotesha mlangoni kwake kwenye ndoo ya rangi iliyokatwa, na mama aliuchemsha Jumatatu asubuhi akisema, "Maskini, hana kitu, lakini adabu anayo."

Maskini mwenyewe nchi nzima ilimjua. Kwenye tamthilia ya runingani aliigiza mpangaji anayekimbia kodi. Mwenye nyumba akipiga hodi mlangoni, yeye anatokea dirishani; akivizia dirishani, yeye amejificha kwenye pipa la maji. Alivaa koti moja lenye viraka mwaka mzima, na alikuwa na namna yake ya kuvuta suruali juu kabla ya kukimbia ambayo watoto wote wa mtaa waliijua kuiga. Tulicheka hadi machozi, kisha tukizima runinga tunamwona yuleyule ng'ambo ya njia, amekaa barazani na singlendi, anapunga upepo kwa kipande cha boksi. Nani angedhani kwamba hao ni watu wawili?

Basi mtaa mzima ukamlea. Kinyozi alimnyoa bure. Mama wa dukani alimpa sabuni na kusema atalipa Mungu. Muuza maji alimjazia ndoo bila kumdai. Yeye alipokea vyote kwa mikono miwili na kumwombea kila mtu dua ndefu. Mimi nina mdomo, hata mama analijua hilo, na siku moja nilisema, "Mama, huyu mzee mbona yuko kwenye matangazo kila kona? Ya sabuni, ya simu, ya godoro. Hawamlipi?" Mama alinitazama kama nimetukana. "Wasanii wanadhulumiwa," alisema. "Kila siku redioni wanalia. Peleka bakuli." Nikapeleka.

Kitu ambacho mimi nilikiona na mzee hakukiona ni sahani ya mama. Mama anauza ndizi mbichi sokoni, na ziko wiki ambazo ndizi zinaiva kabla hazijapata mnunuzi. Jumapili za wiki hizo nyama ilikuwa vipande vichache tu. Vilikwenda kwenye bakuli kwanza, kisha kwangu, na mama akala ndizi na mchuzi akidai kwamba nyama siku hizi inamsumbua meno. Meno yake ni mazima mpaka leo, anatafuna muwa.

Kisha mzee akatoweka. Chumba kilikuwa na kufuli, Jumapili mbili bakuli likabaki kwetu, na hapo ndipo ile video ikaingia kwenye simu zetu. Mzee amelala kwenye godoro lililochanika, midomo imekauka, anasema kwa sauti inayokatika, "Jamani, msinisahau. Nimewachekesha, sasa nakufa peke yangu." Hakuna maelezo, hakuna tarehe. Mama wa dukani aliitazama akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kuliona isipokuwa kwenye msiba. Mama alikaa chini. "Na mimi nilikuwa nasema ametuchoka," alisema, akaanza kulia.

Mwenye nyumba wake alisema kwamba mzee akiondoka huwa anakwenda Tegeta, akatuelekeza kituo na barabara ya kuingilia. Asubuhi yake tulipanda kirikuu, kigari cha mizigo cha mume wa mama wa dukani, akina mama wamejaa nyuma na kanga zao, kila mmoja na kitu cha kumpelekea mgonjwa: machungwa, unga wa uji wa lishe, maziwa ya kopo, mashuka mawili, na beseni jipya la kuogea kwa sababu mtu alisema wagonjwa wa namna hiyo hawafiki bafuni. Mama alipakata lile bakuli, limejaa mtori wa ndizi, amelifunga kwa kitenge lisipoe. Safari kutoka Mbagala hadi Tegeta ni ya kuvuka jiji zima, na njia nzima waliimba, Wakristo wakianza pambio na Waislamu wakimalizia na kaswida. Sijawahi kuona watu wanakwenda kwa mgonjwa wamependana kiasi kile.

Tegeta tulimuuliza mama mmoja anayekaanga samaki: anauguzwa wapi yule mzee wa runingani? Alifuta mikono akaonyesha kwa kijiko chake. "Ghorofa lile lenye vigae vya kijani. Na hizi fremu zote za maduka mpaka kule kwenye kona ni zake. Lakini anaumwa? Mbona jana alikuja hapa kudai kodi?"

Tulidhani amechanganya watu. Tukaenda getini, mlinzi akafungua kidirisha, mama wa dukani akamweleza kwa unyenyekevu kwamba tumekuja kumtazama mgonjwa.

"Mgonjwa gani? Mwenyewe yuko juu anagombana na mafundi."

Tukainua macho. Alikuwa kwenye roshani ya juu, shati jeupe limenyooshwa, miwani ya dhahabu puani, simu mkononi, anamwambia fundi kwamba hivyo vigae avibandue vyote aanze upya kwa sababu hela yake haiokotwi. Alipotuona, sauti ilimkatika kama ya kwenye video. Akavuta suruali juu kidogo. Naapa, alivuta suruali juu kama anayetaka kukimbia, na mama wa dukani alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga akashindwa kuinuka. Wengine wakamfuata. Beseni liliangushwa, machungwa yakabingirika hadi getini.

Mzee alishuka mbio kutukaribisha. Ile video, alisema, ilikuwa kipande cha tamthilia ambacho hakijaonyeshwa bado. Kuna mtu alikikata akakirusha. Kuhusu ghorofa alijieleza kwa aibu: alinunua viwanja huku zamani, wakati ni vichaka na vumbi la kiwanda cha saruji cha Wazo, hakuna aliyevitaka. Kila tangazo lilikuwa matofali. Akatuingiza ndani, tukakaa kwenye makochi tukiogopa kuegemea, tukaletewa soda.

Mama hakucheka na soda hakuinywa. Alikaa na bakuli mapajani. Watu walipoanza kutoa vitu vyao, huku wakicheka na kumtania mgonjwa, yeye hakufungua kitenge. Tulipoaga, aliinuka nalo, akapanda nalo kwenye kirikuu, akarudi nalo Mbagala. Ule mtori tuliula sisi usiku, umepoa. Nilitaka kusema neno la kuchekesha nikaona uso wake, nikanyamaza. Kwangu mimi ni nadra.

Mzee alirejea kwenye chumba chake cha kona wiki iliyofuata. Wengi walidhani hatarudi, lakini alifungua kufuli, akamwagilia mchaichai, akakaa barazani kama kawaida. Mtaa ndio uliobadilika. Kinyozi alimtajia bei, tena ya juu. Muuza maji alisubiri hela mlangoni. Watu waliokuwa wakimpelekea vitu walianza kumpelekea shida: ada ya mtoto, mtaji wa kuku, bati za kumalizia nyumba. Alisaidia wengi, hilo nitalisema, sio bahili. Lakini nilimwangalia akiwa pale na nikagundua kwamba hakuna tena anayekaa naye bila kumwomba kitu. Na Jumapili mama alipakua sahani mbili tu, yangu na yake, na bakuli lilikaa juu ya kabati limefunikwa.

Jumapili ya tatu alikuja kwetu. Hakuja mtupu: dereva alikuwa nyuma yake na gunia la mchele na boksi la vyombo vipya, vya kung'aa, vyenye chapa ya kigeni. Mama alikuwa anamenya ndizi barazani.

"Karibu," alisema, bila kuacha kumenya. "Hivyo virudishe kwenye gari."

"Dada yangu, sikukudanganya. Mie sijawahi kusema sina."

"Na mie sijawahi kukuuliza. Mtu unampelekea chakula, kwanza umuulize ana nyumba ngapi?"

Mzee alivua kofia. "Nyumba zipo. Kule Tegeta nina mpishi, namlipa. Nina mlinzi, namlipa. Wanangu wakija, wamekuja na hesabu. Chakula ambacho mtu amenipikia kwa kunikumbuka tu kilikuwa kimoja, hicho chako. Ningesema nina ghorofa, ungekileta?"

"Nisingekileta," alisema mama.

"Basi ndiyo maana."

Nilimwonea huruma, nakiri. Lakini mama aliweka kisu chini, na kwa mara ya kwanza nikasikia akilitamka lile jambo. "Sikiliza, kaka yangu. Zilikuwepo Jumapili nyama haitoshi. Nilikuwa nakutilia wewe, mimi nakula mchuzi. Sikuona shida, nilijua jirani yangu hana. Sasa nikilala nakumbuka ule mchuzi. Ghorofa lako halinihusu. Najiona mjinga, na kujiona mjinga kunauma."

Mzee alisimama pale na kofia mkononi. Akamwashiria dereva, wakarudisha gunia na boksi kwenye gari.

Nilidhani ndiyo imekwisha. Lakini katikati ya wiki, tukiwa tumekaa jioni, tuliona moshi mweusi unatoka chumba cha kona. Nilikimbia nikidhani moto. Nilimkuta mzee amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, macho mekundu, anakoroga sufuria. Ana mpishi wa kumlipa huyu, na mikahawa yote ya mjini, na amechuchumaa anapuliza mkaa kwa kipande cha boksi. "Toka, mwanangu," alisema. "Utaniharibia."

Baada ya muda alivuka njia na bakuli lake mwenyewe, la plastiki, jipya kabisa, alilolinunua pale dukani. Ndani mlikuwa na maharage. Alilishika kwa mikono miwili akampa mama, akaaga, akaondoka upesi kabla hajajibiwa.

Tulikula. Yalikuwa yameungua chini, juu ni magumu, na hakuwa ameyachambua, kwa hiyo kila baada ya tonge unasikia kijiwe. Mimi niliacha. Mama alikula yote, akilalamika kila tonge, akafuta bakuli kwa kipande cha ugali. Kisha akaliosha akaliweka kabatini kando ya lile la maua, na hapo ndipo nilipomwona akisimama na kitambaa mkononi, amekunja uso, anaelewa kilichompata. Bakuli la mtu lilikuwa ndani kwake. Haliwezi kukaa milele, na haliwezi kurudi tupu. Siku zote zilizofuata alilipita akilikodolea macho kama mgeni aliyegoma kuondoka.

Jumapili mauzo ya wiki yalikuwa mabaya, ndizi zilikuwa zimeiva sokoni. Mama alinunua nyama kidogo akapika. Tulipotoka kanisani alishusha lile bakuli la plastiki, akalijaza, akafunika kwa sahani. Vipande vya nyama nilivifuata kwa macho vikizama vyote humo, isipokuwa kimoja alichoniwekea mimi.

"Mpelekee. Mwambie maharage yanachambuliwa."

Nilivuka njia, nikabisha hodi. "Shikamoo mzee. Mama anasema maharage yanachambuliwa."

"Marahaba." Alipokea kwa mikono miwili, akainua sahani, akanusa akafumba macho. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita.

"Mwanangu, mama yako amebakiwa na kitu?"

Miaka yote ile hakuwahi kuuliza.

"Amebakiwa na ndizi," nilisema.

"Na nyama?"

Nilifikiri nidanganye. "Nyama hapana, mzee."

Alifunika bakuli. Akatafuta ndala zake chini ya kitanda, akazivaa, akavuka nami ile njia ya mchanga taratibu, mchuzi usimwagike. Mama alikuwa ameshakaa mkekani na sahani yake. Alipomwona anaingia na bakuli alidhani amekikataa chakula, na uso ulimbadilika.

Mzee aliliweka bakuli katikati ya mkeka, akavua ndala, akanawa mikono.

"Mwanangu," aliniambia, "tuletee sahani nyingine."

Mama akasogea, akampisha mahali pa kukaa.