Zamu Yangu ya Kupalilia

Mwaka jana karibu wote nilikuwa Ujerumani, nikipalilia karoti za watu kwa kujitolea. Mwenye shamba alitupatia chakula na chumba kimoja, mimi na vijana wengine wawili, Mhispania na Mkorea. Tulipika kwa zamu, na siku yangu niliwapikia ugali.

Mezani walipenda niwasimulie habari za kwetu Songea. Nikawaeleza, kwa mbwembwe zote, jinsi majirani wanavyokuja kukupalilia mahindi, nawe unawaandalia chakula na togwa, kisha unakwenda mashambani kwao, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote umewarudishia. Mhispania alisema huo ndio utu. Nikavimba kichwa kana kwamba ni mimi niliyeuanzisha.

Niliporudi nyumbani, Mfaranyaki hapo hapo Songea, nilimkuta mama anachechemea. Majirani walikuwa wamekuja kumpalilia kama kawaida. Tangu goti lake lianze kumsumbua, kwenda kuwarudishia ilikuwa kazi yangu. Safari hii alikwenda mwenyewe, shamba kwa shamba, mpaka kwa jirani mwenye shamba la mbali, njia ya Namtumbo.

Hakunisema. Aliomba simu aone nilikokuwa. Akaitazama sana picha ya tuta langu la karoti, safi, halina hata gugu moja.

"Umepalilia vizuri," alisema. "Ni la nani?"

"La yule mzee tuliyekaa kwake."

Akanirudishia simu, akaanza kulisugua goti.

"Naye atakuja kwetu lini?"