Vifungo Vitatu Vilivyokataa Kufa

Mlio wa vifungo vikimwagwa kwenye kopo la bati hunirudisha Rwezamenyo, mtaa wetu wa zamani, kwenye duka la Baba, fundi cherehani. Ilikuwa mwaka 1992, nami nilikuwa na miaka tisa na kiburi cha kuwatosha watu wawili.

Likizo hiyo binamu yangu Yusufu alikuja kutoka shule ya bweni na mchezo wa ajabu. Alichora miraba kwenye karatasi ya kaki, tukapanga vifungo ndani yake. Kifungo chenye majirani wawili au watatu, ukihesabu hata wa kwenye pembe, kinabaki. Wakipungua au wakizidi, kinatolewa. Mraba mtupu wenye majirani watatu kamili unapata kifungo kipya. Kisha unaanza tena.

Yusufu alikuwa na daftari la miraba, jalada la bluu, nililolitamani hadi ndotoni.

"Ukipata umbo yenye haikufe na haigande bila kubadilika, daftari iko yako," aliniambia. "Jumapili narudi shule."

Nikahangaika wiki nzima, na kila umbo likanifia. Jumamosi nilipanga vifungo vitatu tu, mstari mmoja. Cha kushoto kilikuwa na jirani mmoja, nikakitoa. Cha kati kikabakiwa na mmoja, nikakitoa. Cha kulia kikabaki peke yake, nacho nikakitoa. Nikaanza kulia.

Baba akasimamisha cherehani, akatazama.

"Weye unakata mbele ya kuchora," akasema. "Mimi natia chaki nguo yote kwanza, ndio nashika mkasi."

Nikavirudisha. Safari hii nikatia chaki kwanza: viwili vya pembeni vitoke, miraba ya juu na chini ya cha kati ijazwe. Kisha nikabadili vyote kwa mpigo. Mstari uliolala ukasimama! Nikarudia, ukalala. Ukasimama tena, ukalala tena. Nikapiga kelele hadi wateja wakaacha kupimwa nguo wakaja kuona. Sijawahi kufurahi vile.

Yusufu alinipa daftari bila ubishi. Ndani ya jalada nikakuta jina langu limeshaandikwa, na tarehe ya siku aliyofika kwetu. Nikanuna. Niliona amenichezea, kumbe daftari lilikuwa langu tangu mwanzo.

Miaka mingi baadaye nilimfundisha binti yangu mchezo ule. Nilinunua daftari la zawadi, na kabla hajagusa hata kifungo kimoja, nikaandika ndani jina lake.