Visigino vya Ukoo wa Deus

Deus anatengeneza katambuga, vile viatu vya matairi ya gari, hapa mtaani kwetu Ng'ambo, hatua tatu kutoka kwenye cherehani yangu. Wateja huwakatia mkanda wa nyuma wenye upana wa vidole viwili. Watu wa ukoo wake huwakatia wa vidole vitatu na kuulegeza, maana mshipa wa juu ya visigino vyao ni mnene na una manundu magumu. Usimuulize habari hiyo kama una haraka. Atakueleza kwamba babu zake walikuwa wapagazi, walibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo, na kisigino hicho ndicho urithi waliouacha. Nimeisikia mpaka nimeichoka.

Kwao Kigwa, kila Krismasi bibi yao huwabinya vijana visigino, mmoja mmoja. Anayekutwa na mshipa mnene hupigiwa vigelegele na kupewa firigisi ya kuku. Deus aliipata akiwa na miaka kumi na tisa, na kaka yake Nikolaus kabla yake. Huyo Nikolaus alianguka shambani akiwa na miaka arobaini na mmoja, akafa palepale. Baba yao hakufika hamsini. Ukoo ukasema wamerogwa, wakabishana miaka mingi ni nani aliyewaroga.

Mwezi wa sita Janvi, binti wa mwenye duka ninakonunua nyuzi, ambaye siku hizi ni daktari, alileta kiatu kushonwa soli.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, daktari."

Alipoketi, macho yake yalitua kwenye miguu ya Deus na hayakubanduka. Akamuuliza baba yake alifariki na umri gani. Akauliza na habari za kaka. Deus alipoanza safari ya Bagamoyo alimkatiza, jambo lililonishinda mimi miaka kumi na miwili, akamwambia akapimwe damu.

Majibu yalikuwa mabaya. Kolesteroli ilikuwa zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa, na Deus akakasirika.

"Nyama mimi naila Jumapili, tena nikijaliwa. Mafuta yatoke wapi?"

Janvi hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba kolesteroli husafiri kwenye damu ikiwa ndani ya chembe ndogo sana, na ini ndilo linalopaswa kuziondoa nyingi. Juu ya seli za ini kuna vipokezi, vinavyozishika chembe hizo na kuziingiza ndani. Deus amezaliwa na kasoro ya kurithi, na vipokezi vyake vinavyofanya kazi ni kama nusu tu.

"Mzigo umefika, fundi, lakini wa kuupokea hawatoshi. Unabaki kwenye damu. Mwingine unaganda kwenye mishipa ya moyo, mwingine ndio huo kisiginoni."

Kuna vidonge vya kila siku, alisema, vinavyolifanya ini liongeze vipokezi. Kisha akasema kwamba kila mtoto wa mtu mwenye kasoro hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Deus akanywea. Nilijua anamuwaza nani. Ana mtoto mmoja tu, Advera, wa miaka kumi na tisa, na Krismasi iliyopita firigisi ilikuwa yake. Deus alirudi mjini kavimba kichwa, akamkatia binti katambuga mpya zenye mkanda wa vidole vitatu, akanionyesha mara mbili.

Wiki ile ile alimpeleka kupimwa, na majibu yakawa kama ya baba yake. Siku hizi wanameza vidonge wote wawili. Janvi anasema Advera amewahi, tofauti na baba yake mkubwa. Desemba Deus atakwenda Kigwa na daftari, bibi abinye kama kawaida, yeye aandike majina ya kupeleka hospitali.

Juzi alikuwa anakata tairi, akaacha kisu.

"Dada Najiat, ile Krismasi ya Advera nilipeleka nia kanisani. Nikaomba misa ya shukrani kwa kile kisigino."

Nina mdomo mimi, mtaa mzima unajua. Siku hiyo niliumia, nikainuka kumshikia tairi amalizie kukata.