Meza ya Mama Mkwe

Nilijifunza kucheza pool saa ambazo baa haina mtu. Kibanda changu cha kutengeneza simu kilikuwa Mkuyuni, jirani na baa ya mama mmoja wa Kisukuma, mjane, aliyetoka vijiji vya upande wa Bujora akiwa msichana na harudi huko ila kwenye misiba. Wateja wa simu hawaamki mapema, kwa hiyo nilizoea kupita kwake kunywa chai kabla ya kufungua. Ukungu wa ziwa ungali umelala juu ya mawe, mwanga unapenya kwenye matundu ya bati, na vumbi linaelea ndani ya mwanga huo bila haraka yoyote. Katikati ya ukumbi, kwenye meza yenye kitambaa cha kijani kilichopauka, mama alikuwa anacheza peke yake.

Nilisema kwa sauti kwamba sikujua wanawake wa umri wake wanacheza mchezo huu. Mdomo wangu huwa unatangulia. Yeye akanitazama tu, akapaka chaki ncha ya fimbo yake.

"Shikamoo mama," nikasema, kujisafisha.

"Marahaba mwanangu. Chukua fimbo hiyo nyingine, tuyaone hayo maneno yako."

Mchezo mzima nilipiga mara moja tu. Zilizobaki zote alipiga yeye, polepole, huku akiinuka katikati kwenda kukoroga uji jikoni na kurudi. Nilikuwa najiona mchezaji. Nilipenda kupiga kwa nguvu, mpira uingie shimoni kwa kishindo hadi watu wa nje wageuke. Lakini baada ya kishindo, mpira mweupe, ambao ndio pekee unaoruhusiwa kuupiga kwa fimbo, ulikuwa unazurura mezani unavyotaka, na mimi nabaki natafuta pa kupigia.

"Kuingiza kila mtu anaingiza," aliniambia asubuhi ile. "Usinieleze unaingiza upi. Nieleze mweupe utalala wapi."

Akachana kipande cha gazeti ukubwa wa kiganja, akakiweka mezani, akataka nikishaingiza mpira mmoja, ule mweupe uje ulale juu ya karatasi ile. Ukiupiga katikati, unasimama pale ulipogonga. Ukiupiga juu, unafuata mbele. Ukiupiga chini, unarudi kwako. Ni maneno matatu, mtoto anaweza kuyakariri, lakini mkono wangu uliyakataa kwa muda mrefu. Niligombana nao kila siku. Nilitupa fimbo, nikailaumu meza, nikailaumu chaki, na mama akaendelea kupuliza chai yake hadi hasira ziniishe.

Kisha taratibu mkono ukaanza kusikia. Zilikuja asubuhi ambazo sikuwa na hakika kama nimeamka au bado nimelala. Mpira mweupe uliondoka, ukagusa mwenzake kwa sauti ndogo, ukarudi ukitambaa juu ya kitambaa, ukapunguza mwendo, ukapunguza tena, na sisi wawili tumenyamaza tunausubiri. Nje korongo wanatembea juu ya mawe. Ukitulia juu ya gazeti, mama anasema, "Haya," basi, hakuna pongezi nyingine. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na sikuwa nimemwambia.

Mama huyo alikuwa na binti, fundi cherehani huko Igoma, aliyekuja Jumamosi kumsaidia. Nilimpenda. Sina namna ya kulizungusha hilo. Alinicheka nilipokosa, na kicheko chake kikanifuata hadi kibandani, nikawa nafungua simu za watu na kusahau zilikuwa na ugonjwa gani. Mwaka uliofuata wazee wangu wakapanda meli kutoka Bukoba, wakaja kuposa, wakakubaliwa. Tulikula, tukacheka, mama akiwa ndani na wanawake wenzake. Sikumwona siku ile, na wala sikujiuliza kwa nini.

Kesho yake nikaenda kwenye chai kama kawaida, chaki mfukoni. Nilivyosimama tu mlangoni, mama akajifunika khanga kichwa kizima na kutokea mlango wa jikoni. Uji ukaachwa unafurika motoni. Nami, badala ya kutumia akili, nikamfuata! Nikazunguka nyuma ya baa, nikipaza sauti, "Mama! Mama, kuna nini?" Naye anazidisha mwendo kati ya meza za wauza sato, khanga usoni, nusura ajikwae. Wale akina mama wa samaki waliangua kicheko hadi wakashikana mabega.

"Jamani, mkwe anamkimbiza mama mkwe!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwao mama mkwe na mkwe hawakutani uso kwa uso, hawakai chumba kimoja, hawasemeshani. Hata kwetu Kagera ni hivyohivyo. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, ila nililijua kama jambo la watu wengine. Nilidhani sisi ni watu wa mjini, na kwamba mtu anaweza kuoa Jumamosi na Jumatatu akaendelea na mazoezi yake.

Jioni mchumba wangu alinijia juu. "Umemkimbiza mama yangu sokoni? Wewe una wazimu?"

"Mama yako ni rafiki yangu."

"Alikuwa. Sasa anakuheshimu. Angekuwa hakuheshimu, angebaki amekaa."

Nilikasirika, na hasira ile ilikaa na mimi muda mrefu. Niliita mila zote upuuzi. Kisha harusi ikapita, na ikabaki huzuni tupu. Nilipata mke ninayempenda nikampoteza mtu niliyekuwa nausubiri mpira pamoja naye. Tangu niwe mwanawe kweli, hakuniita tena mwanangu. Tukienda kumtembelea, yeye anabaki jikoni, mimi sebuleni, na maneno yetu yanapita kwa mke wangu aliyesimama kati ya milango miwili.

"Mwambie mumeo chai ipo."

"Mwambie mama ahsante."

Nilijaribu meza za Igoma. Kuna muziki, kuna kelele za wanaosubiri zamu, na kila mtu anataka kishindo. Nikacheza vibaya, nikaacha.

Sasa, mvua za kwanza zilipoanza, mke wangu aliweka ufunguo wa baa karibu na sahani yangu. "Mama anasema meza inaliwa na vumbi. Yeye asubuhi huwa yuko sokoni," akasema, akaendelea kula.

Nilikuta ukumbi mtupu. Mezani mipira haikupangwa kwa kuanza mchezo. Kulikuwa na mitatu tu ya rangi, imewekwa kwa makusudi, mweupe karibu na ukingo, na kule mbali kipande cha gazeti. Nilisimama nikiangalia. Lilikuwa swali lake, kwa mwandiko wake kabisa. Nikacheza, nikakosa, nikauacha mweupe pale uliposimama. Ningeweza kuusogeza kwa kidole hadi kwenye karatasi, nani angeniona? Lakini yeye angejua. Kesho yake karatasi ilikuwa imehama, na swali lilikuwa limepunguzwa ugumu kidogo. Alikuwa ameona.

Tukaishi hivyo msimu mzima. Nilipopatia, alinipa gumu zaidi. Nilipokosa, alinirudia taratibu. Kisha likaja moja lililonishinda kabisa: mweupe uingize mpira ulio karibu na kona, ugonge kingo tatu, uzunguke meza, uje kulala chini ya mkono wangu. Kila asubuhi nilifeli, na kila asubuhi nilikuta amelipanga tena vilevile, hakubadilisha hata kidogo. Nilianza kuogopa. Niliona siku moja atachoka nami, atafunika meza, na sitakuwa hata na namna ya kumwuliza kwa nini.

Asubuhi moja mvua ilininyeshea njiani, mvua ya ziwani isiyo na utani. Niliingia mbio, nikajipangusa, nikashika fimbo. Ndipo nikasikia sufuria ikiguswa jikoni, nyuma ya pazia. Mvua ilikuwa imemfungia. Mlango wa nje ulikuwa nyuma yangu na heshima ilitaka nitoke, hata kama ningelowa chapachapa. Mke wangu alikuwa Igoma, hakukuwa na mtu wa kusimama kati yetu. Miguu ilikataa. Nikainama, nikapiga. Mweupe ukagonga kingo mbili, ukafia njiani.

Kisha sauti yake ikatoka jikoni, ya taratibu, kama ya mtu anayezungumza na kuku wake.

"We mpira mweupe. Mwambie huyo anayekupiga, kwa mlio tu nasikia mkono wake wa nyuma anaukaza. Aulegeze."

Nilicheka. Nikairudisha mipira mahali pake.

"Mpira," nikasema, "mwambie mama nimesikia." Nikapaka chaki fimbo. "Mwambie na hili. Nimemkumbuka. Tangu nioe, kila siku."

Mvua ikapiga bati. Nilidhani nimeharibu kila kitu, nikatazama pazia, na pazia halikutikisika.

"Mwambie hata mimi," akasema hatimaye. "Sasa apige, mvua inakaribia kukatika, nami niende zangu sokoni."

Nikalala juu ya fimbo, nikalegeza mkono, nikachelewa kupiga makusudi.